Mlio wa Sita

Kumuuliza mama mwenye nyumba wetu anataka nini ilikuwa kazi bure. Ukimwambia achague kati ya chai na uji, anakuuliza wewe unakunywa kipi. Ukimkuta njiani na kikapu ukataka kujua kama anakwenda sokoni au anarudi, anakujibu, "Nipo tu, mwanangu." Nilipanga kwake Temeke miaka tisa, chumba cha pili kushoto ukiingia, na katika miaka hiyo yote sikumsikia hata siku moja akisema "nataka" kabla mwenzake hajasema. Alikuwa mtu wa kusubiri. Sisemi subira ile inayosifiwa msikitini kwao na kanisani kwetu. Yeye alisubiri kama paka anavyomsubiri muuza samaki ageuze shingo.

Sokoni Buguruni alikwenda jua likishuka, wauza nyanya wakiwa wameanza kukung'uta magunia yao. Hapo alisimama mbele ya fungu, hasemi kitu, anatazama tu, mpaka mwenye nyanya mwenyewe anaanza kushusha bei bila kuombwa. "Nyanya za asubuhi zina maringo," aliniambia siku moja. Kwenye arusi alifika pilau ikiwa imekwisha pakuliwa, na kila mara palikuwa na sahani yake iliyofunikwa, ina nyama nyingi kuliko zetu. Sikuwahi kujua nani alimwekea.

Alikuwa mfupi, mwenyeji wa mwambao tangu na tangu, mtu wa kanga safi na hatua za taratibu. Ndani ya nywele zake, chini ya mtandio, aliweka kalamu ya wino wa buluu. Wapangaji wapya walidhani ni karani mstaafu, wakamletea barua zao awasomee. Alizisoma vizuri tu, kwa sauti ya kusikika ua mzima, hasa zile sehemu ambazo mwenye barua angependa zinong'onwe. Lakini kalamu ile haikuwa ya barua. Ilikuwa ya mnada.

Inabidi nieleze kidogo minada yenyewe, maana vijana wa leo wakisikia mnada wanafikiria kipaza sauti na mtu anayerukaruka juu ya meza. Minada hiyo ilikuwepo, na mama hakuipenda. Alisema kelele zinawapanda watu kichwani. Yeye alipenda mnada wa karatasi. Miaka ile kila ukigeuka kuna shirika limefungwa au limeuzwa, na vitu vyake vinatolewa nje, vinapangwa uani: viti, makabati, feni, taipureta. Kila kitu kilibandikwa karatasi iliyochanwa kwenye daftari. Ukikitaka unaandika jina lako na bei yako. Anayekuja baada yako anaisoma, na akitaka anaandika yake chini, iwe kubwa kuliko yako. Karatasi zilikaa wazi kutwa, na mwisho ulikuwa saa kumi jioni kamili. Saa za mkononi hazikuaminika, kila moja ilikuwa na lake, kwa hiyo karani wa mnada aliweka redio mezani. Kabla ya taarifa ya habari redio ilitoa milio sita, mitano mifupi na wa sita mrefu. Mlio mrefu ukikatika karani anagonga kipande cha chuma, na jina la chini kabisa ndilo la mwenye mali.

Mama mwenye nyumba aliandika ndani ya mlio wa sita. Ile mifupi mitano ilikuwa ya kuchomoa kalamu kichwani, kuivua kifuniko na kuinama. Ule mrefu ulikuwa wa jina na bei, na bei yake haikuzidi ya mwenzake ila kwa shilingi mia. Chuma kikigongwa yeye amekwisha simama wima, anatazama pembeni kama mtu aliyepita tu njia.

Hivyo ndivyo nyumba yetu ilivyojaa. Viti vya sebuleni havikufanana hata viwili, na kila kimoja kilikuwa na namba ya rangi nyeupe mgongoni, hivyo mgeni aliambiwa, "Kaa pale kwenye arobaini na mbili." Jikoni kulikuwa na kabati la faili la chuma lenye droo nne. Ya juu iliandikwa "Mikopo", na ndani mlikuwa na sukari. Ya pili iliandikwa "Nidhamu", na ndani mlikuwa na dagaa. Choo cha uani kilikuwa na mlango wenye kibao cha "Meneja Mkuu". Wageni wakiuliza msalani ni wapi tuliwaambia waende kwa meneja, na ni mama mwenyewe aliyetufundisha kusema hivyo bila kucheka.

Sasa mtu huyo huyo, ukimleta kwenye bomba la maji, hungemtambua. Bomba letu lilikuwa moja na maji yalikuja yakitaka. Ndoo zilipangwa mstari tangu alfajiri, asiye na ndoo aliweka jiwe, na jiwe lilikuwa na haki zote za binadamu. Siku moja mpangaji wa chumba cha mbele, dereva mwenye sauti kubwa, alisogeza jiwe la mwenzake kwa mguu akatega ndoo yake. Mama alitoka ndani polepole, akaacha ndoo ijae, kisha akaimwaga yote juu ya viatu vya yule dereva. Akalirudisha jiwe mahali pake, akalipangusa kwa upindo wa kanga.

"Humu ndani hatudhulumiani," alisema. "Aliyewahi kawahi."

Nilikuwa nikijiuliza mambo hayo mawili yanakaaje katika kichwa kimoja pamoja na kalamu. Jibu nililipata siku ya kioo.

Gesti moja ya kule Buguruni ilikuwa imefungwa, na kati ya vitu vyake kulikuwa na kioo kirefu cha kumwonyesha mtu tangu utosi mpaka vidole. Wakati huo nilikuwa mshonaji katika kiwanda cha nguo upande wa Kiwalani, nikipanga kwamba siku moja nitashona nguo za wanawake nyumbani, na mwanamke hawezi kupimishwa gauni bila kioo. Nilifika saa mbili asubuhi. Niliandika jina la kwanza. Nikakilinda kioo kile kutwa, nikihama na kivuli, nikiandika upya kila aliponipita mtu. Saa kumi kasoro dakika tano akaingia mama mwenye nyumba na kikapu chake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe bado upo tu hapa? Na jua lote hili!" Akaenda kutazama vikombe.

Mlio wa sita ulipolia alikuwa pembeni yangu. Sikumwona akija. Chuma kikagongwa, na kioo kikawa chake kwa shilingi mia zaidi ya bei yangu.

"Haya," akaniambia, "nishikie upande huo."

Nami nikaushika! Mpaka leo sijui kwa nini. Tulikibeba kioo mimi mbele yeye nyuma, tukivuka barabara watu wakitupisha, na kwa kuwa nilitembea kinyumenyume nacho kimenigeukia, nilinung'unika huku najitazama nilivyonuna.

"Si haki, mama."

"Kipi?"

"Mie nimekaa juani tangu saa mbili. Wewe umekuja sasa hivi."

"Ala! Kwani lile bomba? Bombani maji ni ya wote, aliyewahi kawahi. Mnadani wanataka bei, hawanunui jua ulilolikalia. Hebu niambie, ulikuwa na pesa zaidi ya ile uliyoandika?"

Niliitazama miguu yangu kiooni. Nilikuwa nazo, nimezifunga kwenye pindo la kanga kiunoni.

"Nakuuliza weye."

"Nilikuwa nazo."

"Basi umenidanganya. Karatasi imeniambia mwisho wako ni huu, mie nikaamini, nikaongeza mia. Kumbe mwisho wako uko kiunoni. Ungeandika ukweli wako tangu asubuhi, mie ningepita wapi?"

"Na wewe mbona hukuandika wako asubuhi?"

Alicheka mpaka ikabidi tukitue kioo chini. "Mie sijaandika kitu, kwa hiyo sijamwongopea mtu. Sasa kati yetu mwongo nani?"

Tukakinyanyua tena. Jibu lilinijia baada ya siku tatu, nikifua, nikamfuata jikoni na povu mikononi. Nikamwambia kwamba sote tukifanya kama yeye, tukikaa kimya mpaka mlio wa sita, hakuna atakayejua bei ya kitu, tutakanyagana watu ishirini kwenye karatasi moja. Alifikiri kwa dhati kabisa, mkono uko ndani ya droo ya Nidhamu.

"Kweli," alisema. "Ndiyo maana nawapenda nyie mnaowahi."

Kioo alikisimamisha ukumbini, mahali ambapo kila mpangaji alipita. Nilipomuuliza kama wateja wangu wataruhusiwa kujitazama alishangaa. "Kioo kinapungua mtu akijitazama?" Hiyo ilinichukiza zaidi. Ningeweza kumkasirikia vizuri kama angekifungia chumbani kwake.

Kisha likaja la kiwanda. Walisema tumepunguzwa, ndilo neno la heshima la siku zile, na baada ya miezi miwili hata hao waliobaki wakapunguzwa, mashine zikapangwa uani. Kati ya vyerehani vyote mimi nilitaka kimoja. Nilikuwa nimeikalia namba kumi na saba miaka sita. Nilijua kanyagio lake linapokwama na dawa yake, na nilijua hairuki mshono hata ukiitia turubai. Nikiipata, nabaki mjini nashona. Nikiikosa, narudi Kusini kwa kaka yangu, nikae kwa wifi nikihesabiwa vijiko vya chumvi. Hapakuwa na njia ya tatu, na kiinua mgongo changu chote nilikuwa nacho kiunoni kwa ajili hiyo tu.

Nami kwa mdomo wangu nikamwambia mama mwenye nyumba. Tulikuwa tunachambua mchele alasiri, maneno yakatoka tu: namba kumi na saba, hairuki, hata turubai. Akasema, "Aa," akatupa punje ya jiwe.

Tangazo la mnada ule liliandikwa na ofisi moja ya mjini, kwa taipureta, na chini yake lilisema: "Mwisho saa 4.00." Sisi wa kiwandani hatukusumbuka. Kadi zetu za kazi zilihesabu saa za Kizungu miaka yote, tukajua ni saa kumi jioni. Wengine walimuuliza karani. Lakini mama, akishaingia mnadani, hakuuliza mtu chochote, kwa sababu ukiuliza watu wanajua umekuja kutafuta nini.

Mimi nilifika asubuhi, nikakaa mbali na namba kumi na saba, mdomo nimeufunga. Nilikuwa nimejifunza. Nilikuwa hata nimenunua kalamu. Saa nne kasoro dakika tano nikamwona anaingia na kikapu, nikajiambia leo mama kawahi, ana nini? Redio ikaanza milio ya saa nne. Mmoja, miwili. Kalamu ikatoka kichwani. Mlio wa sita ukalia, naye akainama akaandika, jina la kwanza kabisa kwenye karatasi nyeupe, akasimama wima, akatazama pembeni.

Karani aliendelea kuchovya chapati kwenye chai.

Mama akasubiri. Akakohoa. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, nikasikia sauti yake mnadani.

"Mbona hugongi?"

"Nigonge nini, mama?"

"Saa nne si hiyo imetimia?"

Karani ilibidi aweke kikombe chini. "Mama yangu, hiyo nne ya Kizungu! Ni saa kumi yetu. Bado masaa sita, kakae kivulini."

Uwanja mzima ulicheka, na mimi nikacheka kuliko wote, mpaka nilipoona ameandika kwenye karatasi gani. Kicheko kikanikauka. Nilimfuata.

"Mama, hiyo ni yangu. Mie ndiye niliyekwambia."

"Mnadani sina mpangaji," alisema, hanitazami. "Nyumbani wewe mwanangu. Hapa sikujui."

Iliniuma. Iliniuma kuliko kioo, na niliapa moyoni kwamba yeyote atakayeichukua ile mashine, si yeye.

Kumbe alikuwa amejiharibia mwenyewe na mimi pamoja. Watu wote wa minada walimjua na waliliogopa jicho lake. Jina lake lilipokaa pale wazi, na bei yake wazi, habari ikazunguka kwamba mama kachagua kumi na saba. Kufika adhuhuri kulikuwa na majina saba chini yake, watu ambao hata hawakujua uzi unapitia wapi. Yeye alikaa kwenye ngazi za ofisi, kikapu mapajani, akitazama bei yake inavyozikwa. Kufika saa tisa walikuwa wamejitoa wote ila mchuuzi mmoja wa vyerehani, mtu wa tumbo kubwa, na bei ilikuwa imekaribia kabisa mwisho wa kiuno changu. Nilikwisha anza kuiona nyumba ya kaka yangu.

Saa kumi ilipokaribia tulikuwa watatu mbele ya mashine. Mchuuzi katikati, mimi kushoto, mama kulia na kalamu mkononi. Milio ikaanza. Kwenye wa tatu mchuuzi akaandika, akiamini ametuweza. Kwenye wa sita nikapita chini ya kwapa lake nikaandika jina langu na kila nilichokuwa nacho, mpaka nauli. Chuma kikagongwa.

"Dada, si vizuri hivyo!" mchuuzi alinifokea. "Nimeshinda hapa kutwa nzima!"

"Karatasi ilikuwa wazi, kaka," nikamjibu, "na kalamu unayo." Nikasikia ni sauti ya nani hiyo, nikaona haya. Lakini haya hiyo haikunifanya niiache mashine.

Nilimtazama mama. Kalamu yake ilikuwa imevuliwa kifuniko na hakuwa ameandika kitu. Nilijua tumbo la mchuuzi lilimziba. Alisogea, akaisoma karatasi kwa utulivu.

"Mwandiko wako mbaya," alisema. "Saba yako kama moja." Akaenda kutafuta mkokoteni, akasimama kimya mbele ya mwenye mkokoteni mpaka bei ikashuka yenyewe, tukaisindikiza namba kumi na saba mpaka nyumbani bila kusemeshana.

Niliishonea barazani kwake miaka minne. Kila mteja mpya nilimsimulia jinsi nilivyompiga mama mwenye nyumba kwa kalamu yake mwenyewe, na kila mwaka mlio wa sita ulizidi kuwa mfupi na mimi nilizidi kuwa mwepesi. Yeye alikuwa hapo hapo barazani, anachambua mchele, anasikia kila neno, hasemi kitu. Niliupenda ushindi ule, sifichi. Kazi nilitafutiwa na kaka, chumba nilitafutiwa na rafiki. Katika mji huu ile mashine ndiyo kitu pekee nilichokipata kwa akili yangu mwenyewe. Watu wakiniuliza kama kuandika dakika ya mwisho ni haki, sikuwa shahidi mzuri. Siku ya kioo ulikuwa wizi, siku ya cherehani ilikuwa akili.

Baadaye nilihamia Kinondoni, nikapata chumba cha duka. Nilikwenda kumwona sikukuu za Idi, halafu baadhi ya sikukuu, halafu nikasikia haamki kitandani. Nilikwenda siku hiyo hiyo, mchana, na machungwa kwenye mfuko. Alikuwa amelala juu ya kitanda cha hospitali cha kunyanyua kwa mkono, chenye namba ya rangi nyeupe, alichokinunua miaka mingi nyuma akiwa mzima, nasi tukamcheka. Alikuwa amepungua sana. Nilimpa shikamoo, akaitikia kwa macho.

Tulikaa. Nikamenya chungwa.

"Kumi na saba ipo?" aliuliza.

"Ipo, mama."

"Hairuki?"

"Hairuki."

Alifumba macho nikadhani amesinzia. "Siku ile ulikuwa umebakiza kiasi gani kiunoni?"

"Sikubakiza, mama. Niliandika zote."

"Najua. Mkono ulikuwa unakutetemeka. Mwenye akiba hatetemeki vile." Akavuta pumzi. "Mie nilikuwa nayo ile mia."

Nilicheka, nikidhani ni utani. "Yule mchuuzi alikuziba, mama. Na lile tumbo lake."

"Mchuuzi gani? Alikwisha sogea kuona umeandika nini. Karatasi ilikuwa hapa." Akanionyesha juu ya shuka, karibu kabisa na mkono wake. "Mlio ule mrefu, mwanangu. Watu wawili wanaenea."

"Sasa kama ulitaka niipate, kwa nini uliandika asubuhi?"

"Asubuhi nilikuwa naitaka."

Nilitaka kumwambia si kweli. Nilitaka kumwambia nimeisimulia habari hii kwa nusu ya wanawake wa Kinondoni na haimalizikii hivyo. Nikaweka kisu chini, nikafungua mdomo, nikakuta amekwisha jigeuzia ukutani. "Nenda, utakosa usafiri," alisema, na jua lilikuwa bado liko juu.

Keshokutwa yake wakaja kunipa habari. Nilifunga duka siku tatu. Tangu hapo wateja wakiniuliza nilivyoipata mashine hii naanza vizuri tu, na karani na chapati yake, na watu wanacheka. Lakini nikifika kwenye mlio wa sita nasimamisha kanyagio, kwa sababu sijui tena niwaambie nilishinda au nilipewa.